Nyimbo za Sanduku la Antipasi

Ukiulizia nyumba ya Antipasi Njiku pale Utemini, Singida, watakuambia: yule fundi wa majoho, mwenye wivu. Hawasemi kwa ubaya. Wapo wanaoona wivu kwa wake zao na wapo wanaoona wivu kwa ng'ombe wao. Antipasi aliona wivu kwa nyimbo zake. Mkewe Selina aliweza kwenda kwao Ulemo akakaa mwezi mzima, naye asiulize amekutana na nani. Lakini karatasi moja ya wimbo ikikosekana baada ya mazoezi ya kwaya, hapatoki mtu.

Mchana alishona kibarazani kwake. Jioni alifundisha kwaya, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita. Nyimbo alizokuwa nazo zilikuwa arobaini na moja, zote kaziandika kwa mkono, nota na maneno, na kwenye kona ya juu kwa herufi kubwa: MTUNZI, A. NJIKU, mistari miwili chini yake. Hata hilo halikumtosha. Alikuwa na mtindo ambao walimu wenzake wa kwaya waliucheka: sauti ya besi hakuiandika kamwe. Soprano, alto na tenor zilikuwa kwenye karatasi. Besi aliwafundisha wanaume kwa mdomo, mstari kwa mstari, mpaka iwakae kichwani. "Mwizi akichukua karatasi yangu," alisema, "kachukua nyumba isiyo na msingi." Mazoezi yakiisha alizikusanya karatasi zote, akazifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

Wa kwanza katika hizo arobaini na moja ulikuwa wimbo wa harusi yake mwenyewe: *Taratibu, mpenzi, mtungi usimwagike*. Aliuimba siku ile mbele ya watu, amevaa suti aliyojishonea, na kina mama wa pande zote mbili wakatoa machozi. Bibi harusi peke yake hakulia. Alimkazia bwana harusi macho mwanzo hadi mwisho, mpaka Cecilia, dada yake Antipasi, akamfinya ainamishe kichwa kama inavyotakiwa. Antipasi alipenda kusimulia kwamba wimbo ule ulimjia njiani, akitoka kisimani kule Ulemo, siku alipomwona Selina kwa mara ya kwanza. Watu wakasema huyu ana kipaji, naye hakuwapinga.

Basi Jumatano moja alikuja mteja, dada mmoja aitwaye Ritha, kupimwa joho. Simu yake ilikuwa ndani ya pochi, inapiga muziki. Antipasi alikuwa amefika mabegani na futi yake aliposikia sauti za watu wengi zikiimba: *Mvua hii ya nani, Bwana, imenikuta sijalima.*

Kilikuwa kiitikio cha wimbo wake wa thelathini na nane. Aliutunga kwa ajili ya misa ya mavuno miaka mitatu iliyopita, na hakuwahi kuurekodi kwa sababu hakuwaamini watu wa studio.

"Zima!"

"Fundi, utaninyonga na futi yako."

"Nimesema zima. Nani hao?"

"Kwaya moja ya Kilimatinde," alisema Ritha akijishika shingo. "Mwalimu wao si yule Derick aliyekuwa anakaa hapa kwako? Wiki nzima wanaupiga redioni. Kumbe hujausikia?"

Derick! Kijana wa watu alikuja Singida kusoma chuo, hana pa kulala, wakampa chumba miaka miwili. Alikula ugali wao na kuimba besi kwenye kwaya yao, na alipoondoka Selina alimfungashia mlenda wa njiani. Kumbe aliondoka na besi kichwani. Antipasi alikaa kwenye cherehani yake akashindwa hata kupitisha uzi kwenye sindano. Wivu ulimkaba kweli kweli. Na kilichomuuma zaidi, ambacho hakumwambia mtu, ni kwamba wale wa Kilimatinde walikuwa wameimba vizuri kuliko kwaya yake.

Selina alikuwa uani akipepeta mtama. Alimsikiliza mumewe mpaka akaishiwa pumzi.

"Umeusikiliza wote?" akauliza.

"Mama Frank, nyoka ukimwona kichwa unasubiri na mkia?"

Ungo ukaendelea.

Kesho yake Antipasi alikwenda mjini kwa Joyce, binti wa kaka yake, mwenye duka la stesheneri.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nataka karatasi ya kumfunga mtu."

Joyce alimweleza kwa upole kwamba hakuna karatasi ya namna hiyo, ila kuna fomu ya kusajili wimbo katika ofisi ya hakimiliki. Wimbo ni wa mtunzi tangu alipoutunga na kuuandika, alisema. Kusajili kunampa ushahidi siku wakigombana na mtu. Lakini ushahidi unataka wimbo mzima. "Na huu wako, baba mdogo, besi iko wapi?"

Hapo Antipasi alitokwa jasho. Kwa mara ya kwanza maishani aliketi akaandika besi, mkono wa kushoto umeikinga karatasi kama mwanafunzi asiyetaka jirani aibie jibu, na Joyce ndiye aliyekuwa mtu pekee mle dukani. Kisha wakajaza fomu. Jina la wimbo. Jina la mtunzi. Joyce akasoma: "Watunzi wengine, kama wapo?"

"Hakuna."

"Hata aliyekusaidia kidogo?"

"Andika hakuna, na upige mstari."

Palibaki sahihi tu, ya kuthibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli. Hiyo hakuiweka. Aliiweka akiba, kwa sababu jioni ile Derick mwenyewe alipiga simu akasema, "Mwalimu, Jumamosi nakuja nyumbani, kuna karatasi ya kusaini." Antipasi akacheka peke yake. Anakuja kuomba radhi! Basi atasaini mbele ya macho yake, aone.

Jumamosi mchana alipanga viti vitatu na kigoda kimoja. Kiti chake, cha Selina, na cha Mzee Fabiano, mwenyekiti wa kwaya, aliyeitwa kuwa shahidi. Kigoda kilikuwa cha mtuhumiwa. Derick aliingia na sukari kilo mbili na kitenge kipya, akamwamkia kila mtu shikamoo, akampa Selina vile vitu kwa mikono miwili. Antipasi akasema moyoni: rushwa hiyo.

"Derick, nilikupa chumba?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nikakufundisha kuimba?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona umeniibia?"

Derick alishangaa, akamgeukia Selina. "Mama, hukumwambia?"

"Nilimwambia," alisema Selina. "Mwezi wa tatu, anashona majoho ya Pasaka. Nikasema Derick amepiga simu, anaomba ile mvua yangu. Akanijibu mmh."

"Mvua yako?" Antipasi aliinuka nusu.

"Kaa, Antipasi," alisema Mzee Fabiano. "Umeniita nisikilize kesi, na wimbo wenyewe sijausikia. Kijana, upige."

Derick akaweka simu juu ya kigoda, yeye akabaki amesimama. Kiitikio kikaimbwa, Antipasi akamwangalia Mzee Fabiano kwa ushindi. Likaja shairi la kwanza, la mwanamke aliyelazwa hospitali bila ndugu, akahudumiwa na asiowajua. Halikuwa lake. Akangoja la pili. Nalo halikuwa lake. La tatu aliinama mpaka sikio likakaribia simu, kama mtu anayetafuta mbuzi wake katika kundi la jirani. Hakumwona mbuzi. Hata besi ilikwenda njia nyingine. Pale yake iliposhuka, hii ilipanda. Wimbo ukaisha. Katika yote yale hapakuwa na neno moja la Antipasi Njiku.

Kilichofanana ni kiitikio tu. Derick akatoa karatasi, sauti zote nne zimeandikwa, hajaficha hata moja. Kwenye kona: KIITIKIO, SELINA MKHANDI. MASHAIRI NA MPANGILIO, DERICK.

"Nilipohamia hapa, Mama alikuwa anauimba akipepeta," alisema Derick, sauti ya chini. "Nikamuuliza ni wa nani, akasema, 'Ni wangu, nilianza kuuimba nikiwa msichana.' Mwaka uliofuata mwalimu ukautumia kwa misa ya mavuno. Mimi nilijua mmekubaliana. Leo nimeleta karatasi asaini kwamba ameniruhusu."

Afadhali angeibiwa. Kuibiwa kuna heshima yake. Mwizi havunji nyumba tupu. Lakini kijana aliyelala kwake miaka miwili, aliyemsikia kila jioni akifundisha, alipotaka wimbo wa kupeleka redioni alimruka mwalimu akaenda kwa mpepeta mtama! Antipasi alimwonea wivu Derick, na mara akajikuta anamwonea wivu mkewe, wivu mbichi, ule wa mtoto aliyeona mwenzake amepewa nyama kubwa. Selina aliomba kalamu, akasaini polepole, jina lote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Miaka ishirini na nane ya ndoa, na hakuwahi kuutazama.

Mzee Fabiano alikumbuka ghafla kwamba ana mbuzi hawajanyweshwa maji. Mlangoni akasimama. "Mkuki kwa nguruwe, Antipasi," alisema, akaondoka bila kuumalizia. Derick naye akaaga, baada ya Selina kumlazimisha anywe chai.

Wakabaki wawili, na fomu mezani.

"Miaka yote hiyo mbona hukusema?" Antipasi aliuliza.

"Hukuuliza."

"Na Derick ukamwambia."

"Aliuliza, Baba Frank."

Hakusema kwa hasira. Alikunja kitenge kipya, akakipanga juu ya kapu, akarudi akaketi. Antipasi alivua ufunguo shingoni, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalileta sebuleni. Alichukua kalamu, akaikata ile HAKUNA kwenye fomu ya Joyce. Akaandika: Kiitikio, Selina Mkhandi. Iliuma kama kung'olewa jino bila sindano, wala sisemi kwamba ilipoa haraka. Akautafuta wimbo wenyewe ndani ya sanduku, akaandika na pale, chini ya jina lake na mistari yake miwili.

"Haya," akasema. "Yamekwisha."

Selina alivuta kiti karibu na sanduku. Hakuwahi kuligusa tangu aolewe. Alichungulia ndani, akasogeza karatasi moja, akasogeza nyingine, midomo inatikisika kidogo kama mtu anayeimba bila sauti.

"Shika kalamu vizuri," alisema. "Hatujaanza."

Antipasi alimtazama, akazitazama zile karatasi arobaini na moja. Alitamani kufunga kifuniko. Mkono wake ulikuwa tayari juu yake.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Andika tu, nitakuwa nakuambia."

"Nianzie wapi?"

"Chini kabisa," alisema Selina. "Ule wa mtungi."