Nilivyokwenda Ohio Kumdai Neema Mahakamani

Mdogo wangu wa kike alipofariki huko Ohio, Marekani, aliacha binti wa miaka kumi na miwili, Neema. Mtoto alibaki kwa Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu, Kongo, kama sisi, aliyesali kanisa moja na marehemu. Mahakama ya kule ilitaka kuamua nani awe mlezi wake. Mimi, fundi cherehani wa Malvern, Johannesburg, niliona jambo liko wazi: mtoto ni wetu, atakuja kwetu. Nikamwachia kaka yangu Amani funguo za duka, nikaondoka.

Ndegeni nilipanga maneno yangu. Mahakama sikuziogopa, maana Johannesburg nimesindikiza majirani wengi. Kwetu ngazi ni moja: unaanza kwa majistreti, ukishindwa unapanda Mahakama Kuu, kisha rufaa, hadi ile ya Katiba. Nasi wahamiaji tuna tabia yetu, karani akikuzungusha unamwomba mkubwa wake. Niliapa kwamba wakinisumbua nitapanda mpaka Washington.

Jumamosi jioni nilifika, nikalala kwa Mama Furaha. Ndiyo, kwa yule yule niliyekuja kumnyang'anya mtoto. Kwetu huendi hotelini wakati mtu wa nyumbani ana godoro; tungesemwa wote wawili hadi Bukavu. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, tukala bila kugusia kesi. Neema alinielewa vizuri, ila alinijibu kwa Kiingereza, sawa na watoto wetu wa Jules Street kule Malvern.

Jumatatu saa moja asubuhi nilitoka kimyakimya peke yangu. Kesi ilikuwa saa tatu, nami nilitaka hakimu anione kwanza. Barua ya wito ilikuwa mkobani; anwani sikuisoma. Niliuliza mahakama iko wapi, nikaonyeshwa jengo kubwa lenye bendera na tai ukutani. Moyo ukatulia. Shauri la mtu aliyevuka bahari, nilijiambia, haliwezi kusikilizwa kwenye nyumba ndogo.

Mlango ulifunguliwa saa tatu kasorobo; mlinzi mzee wa pale aliisoma barua yangu, akatikisa kichwa. Akanieleza taratibu kwamba nchi yao ina ngazi mbili za mahakama, zimesimama bega kwa bega. Hii yake ni ya shirikisho: inashughulikia Katiba na sheria za taifa zima, kesi zinazoihusu serikali kuu, na baadhi ya ugomvi kati ya watu wa majimbo tofauti. Ndoa, mirathi na ulezi wa watoto ni kazi ya mahakama za jimbo, zenye majaji wao, rufaa yao na mahakama yao ya juu kabisa. Nikamwambia mimi natoka Afrika Kusini, je, hilo si la serikali kuu? Akasema hata hivyo, mtoto ni wa jimbo. Mahakama yangu ilikuwa mitaa sita kutoka pale.

Nilikimbia viatu vikiwa mkononi. Nilipofika ilikuwa saa tatu na robo, nami nilijua nimeshamkosa Neema. Chumba kilikuwa kidogo kama darasa, na jaji, mwanamke wa makamo, alikuwa amekaa tu. Mama Furaha akanisogezea kiti.

"Nilimuomba juge asianze bila weye," akaninong'oneza.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Angenyamaza tu, mtoto angekuwa wake.

Jaji alinisikiliza mpaka nikamaliza. Aliuliza Neema atalala wapi na atasoma wapi. Kisha akamwita mtoto ofisini kwake, wakakaa humo karibu nusu saa. Aliporudi aliamua Neema abaki kwa Mama Furaha, nami nizungumze naye kila wiki na kumwona likizo.

Pale nje nilimuuliza karani kuhusu rufaa. Haki hiyo ninayo, alisema. Majaji wa rufaa wa jimbo wangesoma kumbukumbu za kesi na kutazama kama jaji alikosea sheria; juu yao ipo mahakama ya juu ya jimbo, na Washington ni pale tu sheria ya taifa au Katiba inapoguswa. Nikauliza kama huko wangemwita Neema. Hapana, alisema, huko hawaiti mashahidi.

Neema alikuwa amesimama karibu yangu. Nikamuuliza alimwambia nini jaji. Kwa mara ya kwanza akanijibu kwa Kiswahili.

"Nilimwambia nakupenda, Mama Mkubwa. Lakini kaburi ya mama iko hapa."

Kesho yake tulikwenda kaburini sote watatu.

Alhamisi Amani alinipokea uwanja wa ndege, akatazama nyuma yangu akimtafuta mtoto. Njia nzima hadi Malvern alinung'unika. Tulipofika kwenye robot ya Jules Street, taa ya kuongozea magari ikawa nyekundu, akanigeukia.

"Eish, dada. Nchi kubwa vile, hakukuwa na mahakama ya juu zaidi?"

"Zipo," nikamwambia. "Lakini huko juu hawamsikilizi mtoto."