Redio ya Saa Kumi

Nimefundisha uhandisi chuoni mpaka koo likakauka, na kila likizo nikirudi Kigoma nilifundisha tena, bure, katika chumba kimoja mtaa wa Mwanga, vijana wa mtaani waliotaka kuujua umeme. Nilikuwa nimechoka, jamani, na uchovu ulinifanya mkali.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi wanavuka makundi kwa makundi. Jumamosi moja akaingia mama mmoja wa huko, redio kaifunga kwenye kitenge. Imekufa, alisema. Kila Jumamosi saa kumi redioni yalisomwa majina ya watoto waliopatikana, na wa kwake alipotezana nao njiani siku ya kukimbia. Hakuwahi kukosa kusikiliza hata mara moja.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Muda upo, mama. Keti."

Binti mmoja darasani, Muha wa hapo Kigoma, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, aliifungua akachungulia. "Mwalimu, waya wa betri umekatika. Niunge?"

"Umepima?"

"Mbona unaonekana, mwalimu."

"Nani mwalimu hapa? Pima kwanza. Halafu uchore ubaoni umeme unavyopita, wenzako waone. Haraka haraka haina baraka."

Alimtazama yule mama, akanitazama mimi, akachukua chaki. Heshima yake kwangu ndiyo iliyomponza yule mama. Alichora vizuri mno, nami nikanogewa, nikaongeza maswali, nikaingia hadi kwenye mawimbi ya sauti. Sikuwa nimepata darasa tamu hivyo tangu likizo ianze. Mama alikaa, mikono mapajani. Angenipigia kelele, ningemshukuru mpaka leo.

Binti alipouunga waya, redio ilidaka papo hapo: "...na hayo ndiyo majina ya leo." Kisha muziki.

Vijana walikuwa wameanza kupiga makofi. Wakaacha.

Mama aliniuliza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mzee, wewe unazijua hizi. Yale iliyoyasema ikiwa imekufa, haiwezi kuyarudia?"

Siku zote niliwaambia vijana hakuna swali la kijinga, kila swali lina jibu lake. Hilo nalo lilikuwa nalo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Haiwezi, mama."

Aliifunga kitengeni ikiwa bado inaimba, akamshukuru binti. Halafu akanishukuru na mimi.