Sebule Yetu na Matao ya Bagamoyo

Safari hii ilitokana na ubishi juu ya sebule ya nyumba tuliyotaka kujenga. Mke wangu, Mama Asha, aliitaka pana, ili siku ya maulidi wageni wote wakae mkekani pamoja, wanawake wasiachwe nyuma ya ukuta. Mimi nilitaka dari ya boriti za mikoko. Fundi wetu akasema viwili hivyo havipatani: boriti ni fupi, hivyo chumba kitakuwa chembamba. Nikaapa kwamba lile jengo la zamani la ofisi kule Bagamoyo, nililolitembelea nikiwa shuleni, lina ukumbi mpana wa boriti usio na ukuta katikati.

"Twende ukanioneshe," akasema Mama Asha. "Ukiwepo ukuta, dari yako uisahau."

Msingi ulikuwa uchimbwe siku moja baada ya safari hiyo.

Asubuhi tulipanda basi Bunju. Njia nzima nilijigamba, naye akamenya machungwa tu na kunilisha.

Bagamoyo tukachukua bajaji hadi jengoni. Mlinzi, Mzee Shomari, alikuwa mlangoni na ndoo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, ila viatu hapo nje. Nimeshapiga deki."

Mlango ulikuwa wa nakshi, maua yamechongwa hadi kwenye fremu. Ndani kulikuwa na kuta nene nyeupe zenye vidaka vya kuwekea taa, ngazi pana ya mbao, na ubaridi mtamu. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Kufika ukumbini juu, nikanywea. Ukuta ulikuwepo, tena katikati kabisa! Ulikuwa na matao matatu makubwa yaliyo wazi, na boriti za pande zote mbili zililala juu yake.

"Baba Asha, ule si ukuta?"

"Ni ukuta," nikakiri. Roho iliniuma.

Hakucheka. Aliketi sakafuni upande huu, akanituma upande wa pili nisome Fatiha kwa sauti ya kawaida. Nikasoma.

"Aamin!" akaitikia. "Nakusikia, na nakuona mpaka soksi yako iliyotoboka. Ukuta wa namna hii nautaka."

Jioni, tukirudi, nilimpigia fundi simu. Akauliza nani kashinda. Mama Asha akaninyang'anya simu: "Chimba na msingi wa ukuta wa matao katikati!"

Miaka yote nimelisifu jengo lile kwa dari yake. Siku hiyo nilijifunza kuanza na watakaokaa chini ya dari.