Msalaba wa Mwaka Jana

"Hii hamtaamini," Mjomba Munyoki aliitangazia foleni ya Jumapili ya Matawi, nje ya kanisa pale Voi. Mama msuka misalaba hakuinua macho. Vidole vyake vikavu vilikunja ukindu, vikachomeka ncha, vikavuta, na kila aliyefika mbele alimwuliza taratibu: "Wa mwaka jana uliurudisha tuuchome kwa Jumatano ya Majivu?" Asiyerudisha huandamana mikono mitupu, labda awe na sababu. Na Munyoki alishajigamba kwamba leo ataongoza maandamano.

"Ni ndovu, mama! Alitoka mbugani, akapitisha mkonga dirishani, akautoa msalaba ukutani, akapiga magoti kwanza, halafu aka—"

"Munyoki," alisema mama, akimkabidhi msalaba mdogo kuliko yote, "huyo mbuzi wako nyuma yako ananimalizia ukindu."