Plagi Nilizochagua kwa Kupima Mkononi

Vijana, chekeni mkishamaliza kusoma.

Pikapu yangu ya kubebea ndizi kutoka Mkuyuni ilianza kunywa petroli vibaya. Nikamnong'oneza binti yangu kwamba dereva wetu, yaani mumewe Hamisi, anaifyonza na kuiuza. Binti akahamia kulala na watoto.

Fundi alisema tubadilishe plagi za injini, zile zinazowasha petroli. Nikaenda dukani mwenyewe, nikazipima mkononi kama ninavyopima mihogo, nikachukua ndefu na nzito. Hamisi alizipokea kichwa chini. "Asante, mama."

Kweli, petroli ikaanza kudumu. Pale sokoni Mwembesongo nikawa mwalimu wa kila mwenye gari, mpaka Mama Zuhura, jirani yangu wa meza, akasema, "Hebu tuone hizo plagi." Nikamwamuru Hamisi achomoe moja.

Ikatoka fupi.

"Zangu ziko wapi?"

Akazitoa chini ya kiti, zingali kwenye boksi la dukani. "Zile ndefu mno, zingegonga pistoni, mama, injini ingekufa. Nikanunua zinazofaa."

"Mdomo huna?"

Mama Zuhura akamjibia. "Mkwe amwambie mama mkwe kakosea? Wewe hapo ungemsikiliza?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namfikiria binti yangu na kile kitanda cha watoto.

Tulipofika nyumbani nikawaita wote. "Kuanzia leo, mambo ya gari anasema Hamisi, nami nasikiliza. Na wewe binti, mumeo hakuiba kitu, petroli ililiwa na plagi mbovu, mwongo ni mimi. Rudi chumbani kwako."