Namba za Marehemu Hudock

Habari aliileta Loretta Pavlik, akiwa amesimama mlangoni na trei ya pierogi, zile andazi za kuchemsha zenye viazi ndani, za kuuzwa kanisani.

"Umemwona jirani yako?" alimuuliza Corinne. "Kutwa yuko kule kwenye magofu na ile mashine ya marehemu mumewe ya kusakia metali. Dola hizo anatafuta. Delmar hakuiamini benki, kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Mimi. Na Gus Wertz, ambaye alikuwa naye chama kimoja cha wasakaji miaka ishirini."

"Mashine si inasikia metali tu? Dola za karatasi itazisikiaje?"

Loretta akafikiri kidogo. "Atakuwa alizitia kwenye kopo," akasema, akaenda zake na pierogi zikiwa zimeshaanza kupoa. Kufikia saa kumi jioni kopo lile lilikuwa limekuwa makopo mawili, na moja lilikuwa la dhahabu.

Corinne hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na binti wa miezi saba, Tilda, aliyekataa katakata kulala kitandani mchana; alitaka kubebwa, na anayembeba awe anatembea. Kwa hiyo Corinne alitembea, mtoto kifuani, akipanda na kushuka ile barabara ya Dunmoor, na mtu anayetembea polepole bila safari huona mengi. Alikuwa ameshaona kwamba Bi Verna Hudock, na miaka yake sabini na miwili, hakuwa akizunguka ovyo kama mtu wa kutafuta makopo. Alikuwa akirudi kwenye kiwanja kimoja tu, cha nyumba ya sita katika ile safu ya nyumba za kampuni ya makaa zilizobomolewa zamani. Pale palibaki ngazi tatu za mawe na misumari. Nyumba ilikuwa ya mbao; walipoivunja walizichoma mbao palepale, mvua ikanyesha, majivu yakaingia ardhini, na misumari ikaingia nayo. Ukikanyaga unaisikia chini ya kiatu.

Siku moja Corinne alisimama pembeni, akamngoja avue hedifoni.

"Bi Verna, unatafuta nini?"

"Natafuta ili nisipate, mwanangu," Bi Verna akajibu, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena.

Habari za Bi Verna mji mzima ulizijua, ila watu walikuwa na kawaida ya kuzisimulia nusu. Nusu ya kwanza ilisemwa kwa sauti. Baba yake, Emil Sabol, alikuwa mchimba makaa. Kila mchimbaji alikuwa na kipande chake cha shaba, mviringo, kina namba. Akiingia mgodini anakitoa kwenye ubao wa mlangoni na kushuka nacho. Akitoka anakitundika mahali pake. Machi ya mwaka hamsini na saba njia ya chini iliporomoka, na wasimamizi wakakimbilia ubao kuhesabu nafasi zilizo wazi. Zilikuwa kumi na moja. Mgodi ukafungwa kwa zege, hakutolewa hata mtu mmoja, na majina kumi na moja yakachongwa kwenye jiwe mbele ya kituo cha zimamoto. La mwisho ni la Emil.

Nusu ya pili ilisemwa jikoni. Wachimbaji ni watu wa kuchoka, na mtu aliyechoka husahau kutundika kipande, akaenda nacho nyumbani mfukoni, nafasi yake ubaoni ikabaki wazi kana kwamba yuko chini. Asubuhi ile ya maafa, mtu mmoja alisema alimwona Emil kituo cha basi na sanduku. Wiki ileile mshonaji nguo mmoja, mjane wa mtaa wa pili, alihama bila kuaga wateja wake. Mama yake Verna alimzaba kofi dukani yule aliyesema, na maneno yakaisha, au yalihamia jikoni kama nilivyosema.

Kilichobaki alikijua Verna peke yake. Siku chache baada ya maafa, akiwa na miaka sita, alimwona mama yake amepiga magoti nyuma ya nyumba, karibu na ngazi, anachokoa ardhi kwa kijiko cha jikoni.

"Nikamuuliza anafanya nini," Bi Verna alimwambia Corinne. "Akasema anapanda vitunguu. Mwezi wa tatu huo, ardhi ngumu kama meza."

"Vikaota?"

"Hatukuwahi kula kitunguu cha pale."

Basi hesabu ilikuwa nyepesi, hata mtu aliyeacha shule mapema angeiweza. Kipande cha Emil kikiwa ardhini pale, Emil hakuingia mgodini siku ile, alipanda basi. Kisipokuwepo, yuko nacho chini ya zege, na jiwe linasema kweli.

Bi Verna aliishi umri wake wote kama binti wa mmoja wa wale kumi na moja. Kila Machi alikaa kiti cha mbele. Mwaka huu, kwa kuwa watoto wengine wote wa wale watu walikuwa wameshafariki, alikuwa amepewa kuyasoma majina yeye. Ibada ilikuwa Jumapili. Na Jumatatu tingatinga lilikuwa linakuja kusawazisha safu nzima ya magofu, ipandwe miti.

"Kulisema jina la baba yangu mbele ya kikosi kizima cha zimamoto na sare zao, nataka niwe na hakika," alisema. "Delmar alinipitia kiwanja hiki kila majira ya kuchipua, miaka thelathini. Kila mara anarudi anasema, 'Safi, Verna, hamna kitu.' Nami napitia mara ya mwisho tu, kwa ajili ya moyo wangu."

Sasa huyo Delmar. Aliyatengeneza mabasi ya shule hadi alipostaafu, lakini kwa watu wa chama cha kusaka vitu vya kale alikuwa profesa. Aliwafundisha kwenye ukumbi wa zimamoto, akiwa na ubao na chaki. Somo lake lilikuwa moja: chuma hakistahili kuinamiwa. Mashine ina kichujio. Ukikipandisha, misumari yote inanyamaza, unabaki na vitu vya maana. Namba zake za kichujio aliziandika kwenye kikaratasi akakibandika kwenye mpini, na wanachama walizinakili kama wanavyonakili namba ya simu ya daktari. Walitembea nazo kila gofu la wilaya, miaka ishirini, katika utulivu mkubwa. Wakikosa kitu, na walikosa karibu kila mahali, walikubaliana kwamba wilaya imekwisha. Waliozaliwa mapema walichukua vyote.

Delmar alipofariki vuli iliyopita, Gus Wertz alikuja kumpa pole mjane, akala sahani mbili za kabichi na tambi, na kabla ya kuondoka akaomba kuhakikisha kama ile namba ya tatu ni saba au moja.

Corinne ndiye aliyeanza kuona kwamba pana jambo. Aliiona misumari imechomoza majanini, aliisikia chini ya viatu, lakini Bi Verna akimpa hedifoni asikilize, hakuna sauti. Kimya kitupu, kama kanisa Jumanne.

Aliomba kitabu cha maelekezo ya mashine. Bi Verna akampa, maana herufi zake zilikuwa ndogo mno kwa macho yake. Corinne alikisoma akitembea huku Tilda amelala, midomo yake mwenyewe ikichezacheza kwa kurudia mistari. Kilisema mashine haisikii kitu kimoja kimoja kama tunavyodhani. Inakisikia kila kilicho chini ya sahani yake, ile duara ya mwisho wa mpini inayopitishwa juu ya ardhi, kwa pamoja. Msumari ukiwa jirani na kitu kizuri, sauti ya kitu kile inavutwa chini, ikaonekana ya chuma. Na kama umeiambia mashine inyamazie chuma, inakinyamazia na kile. Penye misumari mingi, kitabu kilisema, shusha kichujio, tia sahani ndogo, pitisha polepole, punguza na ukali wa kusikia, maana majivu ya makaa nayo hupiga kelele.

Corinne aliielewa hiyo bila shida. Ukiiziba nyumba kelele zote kwa mkupuo, mtoto naye humsikii.

Hata hivyo hakusema. Jumatano alipita akasalimia, Alhamisi akapita tena. Bi Verna alikuwa amebakiza kipande kidogo tu cha kiwanja, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea kwa amani. Corinne alijiuliza kuna faida gani kumvuruga mzee aliyebakiza siku tatu kuwa na hakika. Ijumaa alikuta Bi Verna anajizoeza kusoma majina kwa sauti, peke yake kwenye magofu, na kila akifika la mwisho anakohoa.

Jumamosi asubuhi Corinne alifika na ufunguo wa mlango wake, wa shaba.

"Bi Verna, nikuonyeshe kitu. Ukisema niache, naacha."

Akauweka ufunguo kwenye majani mahali pasafi, akapitisha mashine. Ikaimba vizuri. Akaokota misumari mitatu yenye kutu, akauzungushia ufunguo, akapitisha tena. Kimya.

Bi Verna akainama kuutazama ufunguo. "Rudia."

Corinne akarudia.

"Tena."

Akarudia tena. Tilda akaamka, akaitazama sahani ikienda na kurudi, akaona haina maana, akalala.

"Kwa hiyo miaka yote ile," Bi Verna akasema taratibu, "mashine ilikuwa imezibwa masikio."

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Delmar alikuwa nacho kitabu hicho. Alikisoma mara tatu."

"Labda hakufika ukurasa huo."

"Mwanangu, yule mwanaume alikuwa akisikia basi likiwa bado barabara kuu, akakwambia bolti gani imelegea." Akakitazama kile kikaratasi kwenye mpini. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu asiyekuwa na haraka. "Nilimwambia habari ya vitunguu mwaka tuliooana. Mwaka uliofuata ndipo akanunua mashine ya kwanza."

Corinne naye akazitazama zile namba. Alikuwa akiwaza ule ukumbi wa zimamoto, na wanaume kumi na wanne wakinakili kwa makini namba zilizotungwa kwa ajili ya kiwanja kimoja na mwanamke mmoja.

Hapo ndipo Gus Wertz alipotokea, mikono mfukoni, akidai amekuja kunyoosha miguu. Uvumi wa makopo ulikuwa umemfikia.

"Verna, ule ukali umeuacha palepale?" Kisha akaona kidole cha Corinne kiko kwenye kibonyezo. "Binti, taratibu. Hizo namba zimejaribiwa miaka ishirini."

"Na zimepata nini, Gus?" Bi Verna akauliza.

Gus alifikiri kwa uaminifu. "Zimetuokolea migongo," akasema.

"Nenda nyumbani, Gus. Loretta ana pierogi zimebaki."

Akaenda, akigeuka mara mbili.

Bi Verna alitoa sahani ndogo kwenye boksi. Alimnunulia Delmar Krismasi moja. Delmar alimshukuru sana, na sahani ilikuwa bado kwenye nailoni yake. Waliifunga, Corinne akashusha kichujio mpaka chini, na kiwanja kikapata sauti. Kila mahali kulikoroma. Misumari iliguna kama wazee walioamshwa mapema, huyu akimaliza yule anaanza, na Bi Verna akakunja uso.

"Hivi ndivyo panavyosema kweli?"

"Ndivyo. Polepole, Bi Verna. Usizisikilize zinazoguna. Sikiliza kama kuna isiyoguna."

Walianzia mbali, bila kusemezana kwa nini. Walipata bawaba, kipande cha jiko, sarafu nyeusi ya senti. Hiyo sarafu ilikuwa hatua mbili kutoka pale ambapo Delmar aliwahi kupigwa picha ya gazeti la chama. Saa sita wakawa kwenye ngazi. Chini ya ngazi ya mwisho, katikati ya mikoromo, ikatoka sauti nyembamba, fupi. Bi Verna akasimama. Akapitisha tena: mkoromo, kisha ile sauti. Akazunguka upande wa pili, kama kitabu kilivyosema, maana msumari hudanganya upande mmoja tu. Sauti ikawa palepale.

Akavua hedifoni, akamwachia Corinne sepeto.

Ardhi ilikuwa bado na baridi ya msimu. Corinne alichimba amepiga magoti, mkono mmoja ukishika kichwa cha mtoto. Kitu hakikuwa chini sana. Kijiko cha jikoni hakiwezi kwenda chini sana. Likatoka bonge la udongo na majivu, misumari minne imegandana nalo kwa kutu, na kati yake ukingo wa kitu cha mviringo, cha kijani. Alikisugua kidogo tu kwa kidole gumba. Kilikuwa na tundu la kutundikia. Chini ya tope palionekana mkunjo wa tarakimu ya kwanza, isiyosomeka bado.

Vitu vya mviringo vyenye tundu ni vingi duniani. Kuna lebo za mbwa, kuna za funguo, na mtaa ule ulikuwa na wachimbaji nyumba kwa nyumba. Corinne alitaka kuyasema hayo yote, lakini alipoinua macho aliona Bi Verna amegeukia upande wa barabara. Alikuwa akitazama mahali kilipokuwa kituo cha basi, ambapo sasa pana duka la matairi.

"Usikisugue hapa," Bi Verna akasema.

"Namba yake unaikumbuka?"

"Mia mbili na arobaini. Mama aliniambia niisahau, ndiyo maana naikumbuka."

Akakaa kwenye ngazi, akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyemaliza kukanda unga. Akanyoosha mkono, akaugusa mguu wa Tilda uliokuwa ukining'inia.

"Nenda nacho nyumbani, mwanangu. Kioshe wewe, ukisome wewe. Kesho nina majina kumi na moja ya kusoma, na nikijua kitu leo sauti itanitoka vingine. Ukae nacho mpaka Jumatatu, tingatinga likishapita, ndipo uje uniambie. Na kesho pale ibadani, nakuomba, kaa nyuma kabisa, nisiuone uso wako."