Frigo ya Mama Mbele ya Juri

Nilipowaambia watu wa mtaa wetu wa Murara kwamba nasomea ufundi wa mashine za baridi, walinicheka hadi nikachoka kujitetea. Huku Goma, walisema, tunalala na blanketi mbili. Nani atakulipa umletee baridi nyingine? Wajomba walitaka nisome kushona. Lakini mimi ni mbishi tangu tumboni, na kadiri walivyocheka ndivyo nilivyozidi kupenda mota, tuyo, yale mabomba membamba ya shaba, na harufu ya karakana.

Mtihani wa mwisho wa idara yetu ulikuwa na sharti moja. Kila mwanafunzi alete mashine iliyokufa, aitengeneze mbele ya juri, yaani jopo la watahini, aichomeke, mota iungurume waisikie. Isipowaka, huna diploma. Wenzangu walikopa mashine kwa wenye baa. Mimi sikuwa na haja ya kukopa, maana nyumbani kwetu kulikuwa na frigo, yaani jokofu, iliyokufa tangu nikiwa shule ya msingi.

Shida ni kwamba mama hakuwahi kukubali kuwa imekufa. Ilisimama sebuleni na kitambaa cha kufuma juu yake, na mgeni akija, mama aliufungua mlango wake kwa madaha na kumtolea Fanta. Fanta ilikuwa vuguvugu. Mgeni alikunywa, akashukuru, akasema, "Iko baridi muzuri," na mama akaitikia kwa kichwa. Nimekua nikiutazama mchezo huo.

Kwa hiyo nilipomwomba frigo, alinitazama kana kwamba namwomba figo.

"Watu wataniona naipeleka kwa mafundi," alisema. "Watasema nini?"

"Mama, bila hii sina diploma."

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikubali, kwa masharti yake: itoke alfajiri, ifunikwe shuka, na ilazwe juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ili isionekane ni frigo. Nikamwambia frigo husafiri ikiwa imesimama. Ukiilaza, mafuta ya mota hukimbilia kwenye tuyo za gesi, na ukiichomeka kabla hayajarudi, unaiua mota moja kwa moja. Mama akasema mafuta yatajua yenyewe pa kwenda.

Basi tukaondoka, mwenye chukudu mbele, mama na mimi nyuma, na katikati yetu kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe. Hatukufika mbali. Mzee mmoja alivua kofia. Akina mama wawili waliokuwa wakienda misa walisimama, wakafanya ishara ya msalaba, na mmoja akasema, "Pole sana, mama." Mama yangu, ambaye maneno ya adabu humtoka kabla hajafikiri, akajibu, "Asante." Nilicheka hadi nikashika mbavu, na hilo nalo halikutusaidia, kwa sababu msiba wenye mtoto anayecheka huwafanya watu wakutazame zaidi.

Shuleni tuliisimamisha saa moja asubuhi. Kwa hesabu yangu, isingefaa kuguswa na umeme kabla ya saa nane. Wakaniita saa nne.

Wazazi walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya nyuma ya karakana, wakiwemo majirani wawili wa kwetu ambao watoto wao walikuwa wanafanya mtihani pia. Mama alipowaona alijikunja nyuma ya mtu mnene. Mimi nikafungua mgongo wa frigo, nikapima, nikaupata ugonjwa wake: kile kifaa kidogo kinachoisukuma mota iamke kilikuwa kimeungua. Kinaenea kwenye kiganja. Nikaweka kipya.

"Bien, vizuri. Chomeka," alisema mkuu wa juri, fundi mzee mwenye miwani.

"Bado, muzee. Ililazwa njiani. Ingoje mafuta yarudi."

"Ililazwa? Miaka yote hii tunakufundisha nini? Nani aliilaza?"

Nilijua jibu, na jibu lilikuwa limejificha nyuma ya mtu mnene. Ningeweza kuchomeka na kuiua mota. Ningeweza kusema ni mama, majirani wasikie. Nilishindwa yote mawili, nikasimama nimeshika bisibisi.

"Mwanafunzi wa baridi anayelaza frigo," muzee alisema, "hajui kazi." Akainamisha kalamu kwenye karatasi yangu.

"Ngoja, papa!"

Mama alikuwa amesimama. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeteleza upande.

"Njo miye nililalisha. Mutoto alikatala, alinielezea yote, miye nikamunyamazisha. Sikupenda bajirani baone. Hii frigo ilikufaka zamani, na miye nilikuwa nabadanganya batu."

Jirani yetu mmoja akasema kutoka benchi la nyuma, kwa upole kabisa, "Lakini mama, siye bote tulijuaka."

Vicheko vikalipuka, mama naye akacheka, amejifunika uso kwa mikono. Sikuwahi kumpenda hivyo. Mwanamke aliyeilinda siri ile kwa miaka alikuwa ameitupa mbele ya watu kwa dakika moja, kwa ajili ya karatasi yangu.

Muzee alivua miwani, akaipangusa. "Basi anajua kazi," alisema. "Tutangoja."

Wakaendelea na wengine. Mama alivuta kiti akakaa kando ya frigo, na kila aliyepita karibu na waya alimfukuza kwa macho. Saa nane ikafika, muzee akaniashiria. Nikachomeka. Mota ikaguna mara moja, ikanyamaza, ikaguna tena, kisha ikashika na kuanza kuunguruma. Watu wakapiga makofi.

Mama hakuigeukia hata frigo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya juri.

"Mutoto yangu amepita?"

"Amepita, mama."

"Basi andika," alisema, akiinama juu ya ile karatasi. "Andika, nione."